Huruma ya Boflo

Wapo wenzetu hapa Mji Mkongwe wanaoamini kwamba samaki wa kwenye tangi la kioo akinenepa ndiyo afya. Kila mgeni apitaye ukumbini humtupia kipande cha boflo, na mwenye nyumba hufurahi. Mimi nasema huko si kumfadhili samaki, ni kumtilia sumu.

Samaki ana damu baridi; hatumii chakula kujipasha joto kama sisi, basi kidogo humtosha: kile anachokimaliza kwa dakika mbili tatu. Kinachobaki huoza, hutoa amonia, na amonia huunguza matamvua. Uozo wenyewe nao humaliza oksijeni ya maji. Ndipo samaki hupanda juu akitweta, nasi, kwa ujuzi wetu, twasema ana njaa, twamwongezea!

Ataniambia mtu: "Mbona wa baharini hula kutwa?" Naam, lakini hukihangaikia, na maji yakijaa na kupwa huondoa uchafu. Nenda Chumbe, ambako miamba imehifadhiwa tangu 1994: hakuna anayewarushia boflo, na samaki ni tele. Tangi halina kujaa wala kupwa. Mwenye nalo na auzuie mkono wa mgeni, hata mgeni akinuna.