MALEZI YA WATOTO WETU: Mtoto wa Miaka Minne na Lugha ya Kiarabu



Barua za mwezi huu zimetujia zaidi kutoka Kwamsisi, ile ya Handeni na ile ya Korogwe, na nyingi katika hizo zauliza jambo moja: wapi yapatikana chekechea ambayo mtoto mdogo atasemeshwa Kiarabu tangu asubuhi hata adhuhuri, mpaka kimwingie kama kilivyomwingia Kizigua cha bibi yake? Bwana mmoja amekwisha kata shauri. Kwa kuwa hakuiona shule ya namna hiyo karibu naye, ataka kumpeleka mwanawe wa miaka minne akalale bwenini katika mji wa mbali, nasi atutaka dua tu.

Dua tutamwombea, lakini shauri lake hatuliungi mkono. Mwezi wa Machi mwaka 2023 Kamishna wa Elimu wa Tanzania alitoa waraka wa kukataza watoto wa darasa la awali mpaka la nne wasiwekwe bwenini. Na lau kuwa waraka huo haukutoka, bado tungesema hivi hivi. Mtoto wa miaka minne aliamkapo usiku kwa homa, au akiwa ametota kitandani, humlilia mama yake. Atakayekuja kumfunika nguo ni nani? Sisi tufundishao chuoni tumewaona watoto walioachishwa nyumbani mapema. Wengine hukaa kimya mwaka mzima, na mtoto aliye kimya hajifunzi lugha yoyote.

Sasa twende kwenye matakwa yenyewe. Wazazi wengi wasemapo Kiarabu huwa wachanganya mambo mawili. Liko la kusoma Qur'ani, na liko la kusema Kiarabu. Mwanafunzi wetu huanza na alifu, bee, tee, akaenda kwa fat-ha na kasra na dhuma, akahitimu Juzuu Amma yote kwa kichwa, na huku ukimwomba maji kwa Kiarabu akutazama tu. Hilo si la kuibeza chuo. Chuo ndicho kilichoishika dini katika vijiji vyetu zamani hata leo. Basi mzazi ambaye muradi wake ni mwanawe asome Qur'ani kwa makhraji yaliyo sawa, huyo asihangaike na safari. Amtafute mwalimu mwema aliye karibu, na saa moja kila siku yamtosha mtoto wa umri huo.

Ama akitaka lugha ya kusema, hapo mlango ni mwingine. Lugha ya kusema humwingia mtoto kwa kusemeshwa na mtu, katika kula na kucheza na kugombana. Bwana Abdullah al-Dannan, mwalimu mwenye asili ya Palestina, aliona kwamba hata watoto wa Kiarabu hawaijui lugha fasihi, kwa kuwa nyumbani husikia lahaja za mitaani. Tangu mwaka 1977 akawa hamsemeshi mwanawe, aitwaye Basil, ila kwa lugha fasihi, na mama akimsemesha lahaja yao. Mtoto alipotimia miaka mitatu alikuwa na zote mbili, akijua lipi la baba na lipi la mama. Mwaka 1988 bwana huyo akafungua chekechea ya namna hiyo huko Kuwait, kisha nyingine Damascus.

Mfano mwingine ni wa ndugu zetu wenyewe. Baada ya mapinduzi ya Unguja ya mwaka 1964, na zaidi baada ya Sultani Qaboos kushika utawala mwaka 1970, wengi walihamia Omani wakiwa wasema Kiswahili, na Kiarabu chao kidogo au hakuna. Watoto wao wakaingia shule za Kiarabu, na Kiarabu kikawa chao. Lakini tazameni upande wa pili: katika nyumba nyingi za huko Kiswahili sasa kimebaki kwa wazee, na wajukuu wakielewa hawajibu.

Twayataja haya ili mzazi wa Kwamsisi ajue kilichofanya kazi. Huko palikuwa na mtu asemaye, saa nyingi, na haja ya kujibu. Kibao kilichoandikwa Kiarabu mlangoni hakifanyi hayo. Kwa hiyo ukiambiwa iko chekechea ya Kiarabu, nenda mwenyewe bila ya kutoa habari, saa nne ya asubuhi, ukae pembeni mwa jamvi usikilize. Mtoto akianguka akalia, mwalimu ambembeleza kwa lugha gani? Wakigombea mpira, huwaamua kwa lugha gani? Ikiwa Kiarabu husikika katika wimbo wa kuhesabu na majina ya rangi tu, kisha mengine yote ni Kiswahili, basi hiyo ni chekechea ya Kiswahili yenye nyimbo za Kiarabu. Huenda ikawa njema, ila usilipe ada ya ile uliyoitafuta. Tazama na choo, na idadi ya watoto kwa mwalimu mmoja, na kama iko fimbo nyuma ya mlango. Penye fimbo mtoto huogopa kukosea, na asiyekosea hasemi.

Na ikiwa haipo, je? Huko Mombasa miaka ya 1980 wazazi Waislamu walilalamika kuwa watoto wao wapitwa katika kuingia shule za msingi. Kwa msaada wa shirika la Aga Khan, na juhudi ya mwalimu Bi Swafiya Said, ukaanza mwaka 1986 mpango wa chekechea za madrasa, zikisomesha dini na masomo ya kidunia pamoja. Ukafika Unguja mwaka 1990, na Uganda mwaka 1993. Walimu walikuwa wanawake wa mitaa ile ile waliofunzwa kazi, na vitu vya kuchezea vikatengenezwa kwa vifuu na mbegu na vitambaa. Hazikuwa shule za Kiarabu kitupu, lakini njia ile yafaa kwetu. Wapo vijana wetu waliosoma Madina, Khartoum na Cairo waliorudi makwao. Nyumba tano au sita zikichanga ile ada ya bweni, zaweza kumweka mmoja wao, au bora zaidi mwanamke aliyesoma, awe na watoto kila asubuhi kwa saa mbili. Sharti lake liwe moja: asiwasemeshe ila Kiarabu, hata wakimjibu kwa Kizigua. Miezi ya mwanzo watajibu kwa Kizigua tu, na wazazi wasimfukuze kwa sababu hiyo.

Mtoto atimizapo miaka mitano apelekwe darasa la awali katika shule ya serikali, ambalo halitozi ada, ajue Kiswahili chake vizuri. Marehemu Sheikh Abdallah Saleh Farsy, aliyekamilisha tafsiri yake ya Qur'ani mwaka 1969, alikijua Kiarabu kama alivyokijua Kiswahili, na lau angekosa kimojawapo tafsiri ile tusingeiona.

Bibi mmoja wa Korogwe auliza kama katuni za Kiarabu katika simu zamtosha mwanawe badala ya mwalimu. Hilo, inshaallah, tutalijibu mwezi ujao.