Mti wa pori ndani ya chungu: Moba iweke kanuni kabla soko halijafika

Kuna namna ya kuuza mti wa pori ukiwa bado mzima. Unachimbuliwa pamoja na mizizi yake, unatiwa ndani ya chungu, kisha unakatwa matawi na mizizi kidogo kidogo kwa miaka, mpaka unakuwa mti mzee usiozidi urefu wa mkono. Wajapani wanauita bonsai. Katika miji mikubwa ya dunia kuna watu wanaolipa pesa nyingi kwa mti wa namna hiyo, na kadiri unavyoonekana mzee, ndivyo bei inavyopanda.

Huku kwetu Moba, bonsai si neno la kila siku. Tunajua mbao, kuni na makala. Lakini vijana wa Kirungu na wa Moba-Port wana simu mkononi kama vijana wa mahali pengine, na milima ya Marungu imejaa miti mifupi iliyopindwa na upepo, mawe na moto wa kiangazi. Siku moja mnunuzi atafika na kuuliza: hii ni bei gani? Maoni yetu ni haya: siku hiyo isitukute mikono mitupu kama mukula ilivyotukuta. Kanuni iwekwe sasa, na iwe fupi ili kila mtu aishike: mti uliotolewa pori usiuzwe mpaka uwe umeishi ndani ya chungu misimu miwili ya mvua.

Mukula ilitufundisha

Msomaji wa Katanga ya zamani hahitaji kuelezwa mukula ni nini. Ni mti mwekundu unaokua polepole katika misitu yetu ya miombo. Katika muongo uliopita, viwanda vya samani vya China viliutaka sana, na minyororo ya msumeno ikaingia porini kabla ya mtu yeyote kuuliza imebaki miti mingapi. Mwaka 2017, malori kwa mamia yenye mukula ya Kongo yalizuiliwa Zambia yakiwa njiani kwenda bandarini. Kijiji kilichokata kilikuwa kimekwisha kulipwa kidogo, na faida kubwa ilikuwa mbali.

Sheria ya dunia ilikuja nyuma ya msumeno. Mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea ya pori, uliitia mukula katika orodha yake ya pili mwaka 2019. Mwaka 2022, mkutano wa Panama uliongeza jamaa zake wote wa Afrika. Ni hatua nzuri, lakini kisiki hakisomi mkataba. Penye soko lililotangulia kanuni, kanuni inabaki kuhesabu visiki.

Hata Wajapani walimaliza milima yao

Mtu anaweza kusema kwamba mti mdogo wa chungu hauwezi kumaliza msitu. Historia ya Japani inajibu. Huko kuna mreteni unaoitwa shimpaku, unaoota kwenye majabali ya milima mirefu. Mwanzoni mwa karne ya 20, wachimbaji walijifunga kamba na kuning'inia kwenye majabali ya mlima Ishizuchi, na baadaye ya Itoigawa, wakitafuta miti mizee yenye sehemu kavu nyeupe zisizo na magome. Miti ile mizuri iliisha milimani. Leo shimpaku nyingi zinazouzwa zimeanzia kwenye kijiti kilichopandwa shambani na mkulima aliyejua kungoja.

Kwa hiyo, watu walioheshimu mti mdogo kuliko wengine wote, nao waliumaliza pori kwanza, kisha wakajifunza kuotesha. Sisi tunaweza kuanzia pale walipofikia.

Na kungoja kunalipa. Katika mji wa Washington, Marekani, kuna msonobari wa chungu uliotunzwa tangu mwaka 1625. Ulikuwa Hiroshima kwa familia ya Yamaki siku bomu la atomiki lilipoanguka, tarehe 6 Agosti 1945, ukapona. Mwaka 1976 mzee Masaru Yamaki aliutoa kama zawadi kwa Wamarekani. Mbao zake zisingetosha kutengeneza kiti. Thamani yake yote imo katika mikono iliyoumwagia maji, baba akimwachia mwana.

Afrika nayo ina mfano. Afrika Kusini, wakulima wa bonsai waliacha kuiga msonobari wa Japani peke yake. Walichukua mikuyu ya kwao, migunga na mibuyu, wakaitengeneza kwa sura ya miti ya nyika yao. Charles Ceronio wa Pretoria aliandika juu ya mitindo hiyo, ukiwemo ule wa mti wenye kichwa bapa kama mwavuli. Mtu wa Moba akiuona mtindo huo atasema: huu ni mti wa kwetu.

Mti gani, na kutoka wapi

Tuangalie muputu. Mche wake ukiota porini, kila kiangazi moto unaunguza shina, nalo linachipuka tena kutoka chini. Hivyo miaka inapita, juu mti ni mfupi, lakini chini ya udongo mzizi unanenepa. Ndiyo sababu mkulima anayefungua shamba anakuta kijiti cha kimo cha goti chenye kisiki kinene kama paja. Kwa jembe ni taabu. Kwa mtu wa bonsai ni kile anachokitafuta: shina nene, mti mfupi, umri mkubwa.

Lakini hapo pana mtego. Mzizi mkuu wa muputu unashuka chini sana, na mtu akiukata kwa pupa mti unakufa. Tena muputu hauishi peke yake. Mama zetu wanaookota bowa wakati wa mvua wanajua inaota chini ya miti gani. Nyuzi za bowa zimefungana na mizizi hiyo, zinaisaidia kunywa maji na kupata chakula cha udongo. Ukiuosha mzizi ukawa mweupe na kuutia katika udongo mgeni, umeutenga mti na msaidizi wake. Mwenye akili anachukua na udongo wa pale pale.

Ndiyo maana anayejua kazi hii haondoki na mti siku ile ile. Anachimba upande mmoja kuuzunguka, anakata sehemu ya mizizi, anarudisha udongo, anaondoka. Mti unaotesha mizizi midogo karibu na shina. Mwaka unaofuata, mwanzoni mwa mvua, anarudi kumaliza. Anauweka kivulini, katika sanduku lenye mchanga mnene unaopitisha maji, na haugusi kwa mkasi mpaka uchipuke kwa nguvu. Waya wa kupinda matawi unangoja mwaka mwingine. Kiangazi kikifika, anamwagilia kila siku. Akienda safari ya wiki mbili bila kuacha mtu, amepoteza kazi ya miaka mitatu.

Anayeanza asianze na muputu. Aanze na mikuyu na jamaa zake, ile yenye utomvu mweupe inayopasua mawe na kuta za nyumba za zamani. Mingi kati yake inaota kwa kijiti tu kilichochomekwa udongoni, na mizizi yake inavumilia chungu. Hapo hakuna haja ya kung'oa kitu chochote porini.

Na kama ni lazima kuchimba, kuna mahali ambapo mti umekwisha kuhukumiwa: shamba linalofunguliwa, barabara inayopanuliwa, mahali pa kuchimba udongo wa matofali, mahali ambapo wachoma makala wameweka alama. Kutoa mti hapo ni kuokoa. Kuna pia mahali pasipoguswa. Kwenye uwanda wa juu wa Marungu, msitu umebaki hasa kandokando ya vijito. Huo unakatwa, na kingo za vijito zinavunjwa na kwato za ng'ombe. Humo anaishi ndege mdogo, chozi wa Marungu, asiyejulikana mahali pengine duniani. Mizizi ya kingo hizo ndiyo inayoshika maji tunayokunywa huku chini. Anayechimba mti pale anachimba kisima cha jirani yake.

Sheria inasema nini

Wengine watasema: pori ni la mababu zetu, tuchukue. Sheria namba 011/2002 ya tarehe 29 Agosti 2002, ndiyo Kodi ya Misitu, inasema misitu ni mali ya Serikali. Inawapa wakaaji haki ya kutumia msitu kwa mahitaji ya nyumbani. Lakini mazao yanayochukuliwa kwa haki hiyo hayaruhusiwi kuuzwa, isipokuwa matunda na vitu vilivyomo katika orodha inayowekwa na gavana wa jimbo. Kung'oa mche na kuupanda uani kwako ni jambo moja. Kuuza miche hamsini Kalemie au Lubumbashi ni jambo lingine, na kijana anayefanya hivyo bila karatasi anaweza kunyang'anywa mzigo kwenye kizuizi cha kwanza.

Njia nyingine ipo. Tangu amri ya tarehe 2 Agosti 2014, jamii ya kijiji inaweza kuomba msitu wake wenyewe, hadi hekta 50.000, na kuusimamia kwa mpango ulioandikwa. Kijiji chenye karatasi hiyo kinaweza kuandika pia miti midogo: ichimbwe wapi, mingapi kwa mwaka, na nani.

Tunachoomba

Kwa machefu wa kimila: mtu asichimbe bila chefu na mwenye shamba kujua. Wao ndio wanaojua wapi patalimwa mwaka huu na wapi palikatazwa na wazee.

Kwa gavana na huduma za mazingira Kalemie: miti midogo ya chungu itajwe wazi katika orodha, na karatasi iwe moja yenye risiti moja. Tukiweka vizuizi vitano barabarani na ushuru mitano, waaminifu wataacha kazi na watakaobaki ni wale wanaopita usiku.

Kwa shule za kilimo: fundisheni kuotesha na kuhamisha mti, pamoja na kuupanda siku ya sherehe. Mwaka 2019 Serikali ilitangaza programu ya miti bilioni moja kufikia mwaka 2023. Kila tarehe 5 Desemba, Siku ya kitaifa ya mti, tunapiga picha na miche mikononi. Ni wangapi wanaorudi mwezi wa Agosti na ndoo ya maji? Bonsai inakataa hesabu ya siku moja. Huwezi kumdanganya mnunuzi kwa mti uliokufa.

Kwa wanunuzi wa mijini: ulizeni mti umetoka wapi, na umekaa ndani ya chungu muda gani. Mti wenye mizizi mibichi iliyokatwa jana msiununue, hata ukiwa bei ya chini.

Hapo ndipo nguvu ya ile misimu miwili ya mvua inapoonekana. Haihitaji askari msituni. Anayeng'oa miti mia moja kwa siku ili auze kesho, kanuni hiyo inamfungia soko, maana mingi itakufa mkononi mwake. Anayechukua mitano na kuitunza anabaki nayo mitano. Kila mmoja analipwa kwa ile iliyoishi.

Tunajua jibu la msomaji mmoja: jimbo letu lina wakimbizi wa vita, lina barabara mbovu, lina njaa, nanyi mnazungumza juu ya mti wa kuweka mezani kwa tajiri? Ni kweli, hakuna atakayekula bonsai mwezi huu. Haitachukua nafasi ya makala jikoni, wala haitaajiri vijana wote wa Moba. Anayeianza leo asitegemee pesa kabla ya miaka mitatu, minne. Lakini mkono unaojua kuhamisha muputu ukaishi ni mkono ule ule utakaootesha mukula mpya, muembe, na miti ya kushika kingo za vijito vya Marungu. Ufundi huo ndio tulioukosa wakati wa mukula: tulikuwa na watu wengi wa kukata, na wachache mno wa kuotesha.

Soko la mti mzima likifika Moba, lisitukute tunabishana. Machefu, huduma za mazingira na vijana wenyewe wanaweza kukaa chini mwaka huu, kabla mvua hazijaanza, na kuandika kanuni hiyo kwenye ukurasa mmoja.