Kabla ya Kumlipa Mwalimu wa Tuisheni

Dada yangu huuza ndizi na mdalasini kutoka Kinole, upande wa mashariki wa Milima ya Uluguru. Mwaka jana, baada ya kuuza mzigo wake katika soko la Morogoro mjini, alinipigia simu akasema, "Mdogo wangu, fedha ya tuisheni ya mwanao ninayo. Mtafutie mwalimu wa Fizikia." Mwanangu anayemsema ni binti yake mwenyewe. Sisi Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba hawezi kujibu kwamba jambo la mpwa wake halimhusu. Binti huyo anasoma kidato cha sita mjini, mchepuo wa Fizikia, Kemia na Baiolojia, na anataka kuwa daktari. Sehemu ya kosa hilo ni yangu.

Nakiri kwamba nilimtafuta mwalimu yule kwa namna ambayo nisingemruhusu mgonjwa wangu kununua dawa. Mimi hufanya kazi Dar es Salaam. Nilimpigia simu mtu mmoja, akanitajia kituo kimoja cha tuisheni kinachosifika, nikatuma ada ya miezi mitatu kwa simu kabla ya kula chakula cha mchana. Sikuuliza darasa lina wanafunzi wangapi wala vipindi vinaanza na kwisha saa ngapi. Sikuuliza hata kile ambacho mpwa wangu hakijui.

Baada ya wiki sita akaanza kuumwa kichwa. Alikwenda kupimwa mara ya kwanza, malaria haikuonekana. Mara ya pili alipimwa Widal, akaambiwa ana homa ya matumbo, akapewa antibiotiki, ingawa hakuwa na homa yoyote. Mimi, daktari bingwa wa magonjwa ya ndani, nilimshauri kwa simu anywe panadol na maji mengi. Aliponipigia mara ya tatu sauti yake ilikuwa nzito kama ya mtu aliyeamshwa. "Shikamoo mjomba. Nasoma ukurasa mmoja mara nne na siuoni." Jumamosi iliyofuata nilipanda treni ya asubuhi kwenda Morogoro.

Alikuwa amepanga chumba na wenzake wawili. Juu ya kitanda chake palibandikwa ratiba iliyoandikwa kwa kalamu nyekundu: shule saa moja na nusu asubuhi hadi saa tisa alasiri, tuisheni saa kumi na moja jioni hadi saa tatu usiku, kujisomea hadi saa saba usiku, kuamka saa kumi na moja alfajiri. Chini ya meza palikuwa na makopo matupu ya vinywaji vya kuongeza nguvu. Sikuhitaji darubini kutambua ugonjwa huo. Mtoto alikuwa analala saa nne kwa usiku.

Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10 kila siku, na mtu mzima asipungue saa 7. Wazazi wengi husikia hesabu hiyo wakadhani ni anasa ya watoto wa matajiri. Lakini ubongo haupumziki tu mtu anapolala; huo ndio wakati unaofanya kazi ya kuimarisha kumbukumbu za yale yaliyosomwa mchana. Anayekata usingizi ili aongeze saa za kusoma ni kama mkulima wa Mgeta anayevuna kabichi usiku na mchana bila gari la kuzishusha sokoni: shamba linafanyiwa kazi, lakini mzigo haufiki. Kopo moja dogo la vile vinywaji huwa na kafeini kiasi cha miligramu 80, na mwilini huchukua takribani saa tano kupunguza nusu yake tu. Anayekunywa saa nne usiku bado anayo ya kutosha saa tisa usiku, na hata anapofumba macho usingizi wake huwa mwepesi.

Sisemi kwamba tuisheni ni mbaya. Kwa mwanafunzi wa kidato cha sita hakuna mtihani mwingine wa kuingia chuo kikuu; mlango ni ule mtihani wa kidato cha sita wa Baraza la Mitihani la Taifa unaofanyika mwezi Mei, na kila daraja la ufaulu linahesabiwa. A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Wanaoomba nafasi za udaktari ni wengi na viti ni vichache, hivyo pointi moja ya Fizikia inaweza kubadili maisha ya mtu. Namwelewa dada yangu. Serikali ilifuta ada ya kidato cha tano na cha sita mwaka 2022, na fedha ambayo familia nyingi zilikuwa zikiilipa shuleni sasa inakwenda tuisheni.

Faida ya mwalimu wa mtu mmoja mmoja nayo ni ya kweli. Mwaka 1984 mtaalamu wa elimu wa Marekani, Benjamin Bloom, aliandika kwamba mwanafunzi wa wastani aliyefundishwa na mwalimu wake peke yake alifikia kiwango kilichowapita asilimia 98 ya waliofundishwa katika darasa la kawaida. Tafiti za baadaye zilipata faida ndogo kuliko hiyo, ila faida ipo. Inatoka wapi? Mwalimu huliona kosa palepale linapotendeka, hulisahihisha, na hasogei mbele mpaka lieleweke. Sasa linganisha na kituo nilichokilipia. Nilihesabu wanafunzi zaidi ya sabini katika chumba kimoja, mwalimu ana kipaza sauti, na mpwa wangu anaona nusu ya ubao. Aliyokuwa akiyapata hapo alikwisha kuyapata shuleni asubuhi, tena shuleni kulikuwa na maabara.

Mwalimu wa pili tulimpata kwa kuuliza taratibu. Ni mzee mstaafu anayeishi upande wa Bigwa. Nilipomweleza kwamba mtoto ni dhaifu katika Fizikia alinikatiza kwa upole: "Daktari, wewe humpa mgonjwa dawa kabla ya kumpima? Karatasi zake za majibu ziko wapi?" Niliona haya. Tukampelekea mitihani mitatu ya shule. Akaipitia kwa nusu saa, akatuambia kwamba Fizikia yenyewe si tatizo kubwa. Mtoto hajui kubadili kanuni ya hesabu ili kupata kisichojulikana, kosa ambalo amekuja nalo tangu kidato cha pili, na maswali ya kueleza anayajibu kwa sentensi za Kiingereza alizozikariri bila kujua maana yake. Hilo la pili lilinigusa, maana nilipitia njia hiyo hiyo. Mzee huyu humwomba aeleze jambo kwa Kiswahili kwanza, mpaka limnyooke, kisha humwandikisha kwa Kiingereza cha mtihani. Humfunga kitabu na kumwambia aandike anachokumbuka. Sina hakika kama amewahi kusoma utafiti wa Roediger na Karpicke wa mwaka 2006, uliofanywa Marekani, ambapo waliorudia kusoma walifanya vizuri zaidi baada ya dakika tano, lakini baada ya wiki moja waliojipima walikumbuka zaidi. Uzoefu wa darasani ulikwisha kumfundisha.

Humfundisha mara mbili kwa wiki, saa moja na nusu kila mara, barazani, mke wake akiwa anachambua mchele mita chache kutoka hapo. Mzazi ninayezungumza naye kuhusu tuisheni humwambia jambo hili la baraza kabla ya ada. Binti asifundishwe chumbani mlango umefungwa, wala usiku wa manane, hata kama mwalimu ni mtu wa ibada na anaheshimika mtaani. Mwalimu mwenye nia njema hatachukia kuambiwa hivyo. Huyu wetu ndiye aliyelisema mwenyewe.

Na akitokea mtu wa kuahidi "swali lenyewe" kwa malipo, mzazi afunge mazungumzo. Ama atauziwa uongo, ama atauziwa kitu kitakachofanya Baraza lifute matokeo ya mwanawe. Maswali ya miaka iliyopita hupatikana bila fedha, na Baraza hutoa pia uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, unaoonyesha swali kwa swali wapi wengi wamekosea na kwa nini. Mwalimu wa kidato cha sita asiyejua kwamba uchambuzi huo upo, mimi simwongezi katika orodha.

Niwageukie wenzangu wa vituo vya afya, kwa sababu mpwa wangu alipita mikononi mwetu mara mbili bila mtu kumuuliza analala saa ngapi. Widal peke yake haitoshi kuthibitisha homa ya matumbo, na kwa mtu asiye na homa ni vigumu kueleza kwa nini tuliipima. Mwanafunzi wa mwaka wa mtihani anapokuja na kichwa, tumbo au moyo kwenda mbio, tumuulize usingizi, chakula cha asubuhi na anachokunywa usiku. Tumuonyeshe herufi za ukutani. Nimewahi kumwona kijana aliyelipiwa tuisheni kwa miaka miwili, kumbe haoni mbali. Alipopata miwani alitazama dirishani akashangaa kwamba miti ya mlimani ina majani. Binti mwenye uchovu apimwe damu. Na anayeonekana kukata tamaa, hasa wakati wa matokeo mwezi Julai, aulizwe wazi kama amewaza kujidhuru. Kumuuliza hakumpi wazo hilo. Mara nyingi humpa nafasi ya kulitua. Akijibu ndiyo, asiachwe peke yake, na apelekwe siku hiyo hiyo kwa mwenye utaalamu wa afya ya akili.

Kuna wauguzi na matabibu wanaotoka zamu ya usiku na kwenda moja kwa moja tuisheni, wakijiandaa kufanya kidato cha sita kama watahiniwa wa kujitegemea. Nawaheshimu, lakini wasome kwanza mwongozo wa udahili unaotolewa kila mwaka na Tume ya Vyuo Vikuu. Mwenye stashahada ya utabibu yenye wastani mzuri, pamoja na ufaulu unaotakiwa wa masomo ya sayansi ya kidato cha nne, ana njia ya kuomba shahada ya udaktari bila kidato cha sita. Nimekutana na mmoja aliyelipa ada ya mwaka mzima kwa mlango ambao hakuuhitaji.

Mpwa wangu sasa analala saa tano usiku. Kichwa kilikoma katika wiki ya tatu. Katika jaribio la mwisho la Fizikia alipata alama 54, kutoka 31, na mzee wa Bigwa anasema hamsini na nne haitoshi. Dada yangu hana imani sana na habari ya usingizi. "Mtoto analala mapema halafu ndiyo anasoma zaidi?" Nimemweleza mara tatu.

Kinachonisumbua ni watoto wa Kolero na Kibungo, ambao hawana mjomba daktari wala nauli ya kushuka mjini. Katika vijiji vingi vya milimani, mtu aliyesoma Kemia na Baiolojia kupita kidato cha nne ni yule aliye katika zahanati. Ninapendekeza, na najua wapo watakaosema tuna kazi za kutosha, kwamba chuo chetu kiwaombe wahitimu wake walio huko watoe saa moja ya Jumamosi, barazani mwa zahanati, mlango wazi, wapitie karatasi za majibu za wanafunzi wanne au watano. Isiwe hotuba. Karatasi tu na kalamu nyekundu. Mimi nitaanza Kinole mwezi ujao, Jumamosi ya kwanza, na dada yangu ameahidi benchi.