Sikukuu ya Nani?

Kila Desemba watoto wa Kilimanjaro hupanda mlimani kutoka Dar es Salaam na miji mingine, wapate kula Krismasi kwao. Desturi hii twaisifu. Lakini wamemjia nani? Mbuzi huchinjwa, mbege hunywewa mpaka usiku, ndugu hugombania mipaka ya kihamba. Naye mama mzee, aliyewangoja mwaka mzima, yu jikoni peke yake akichochea moto.

Wako wasemao, “Tumemletea fedha na nguo.” Twawajibu: amri yasema mheshimu baba yako na mama yako, haisemi mlipe. Basi, ndugu, kabla ya kuchinja, mchotee mama maji, mpasulie kuni, kisha keti umsikilize. Asiyefanya hivyo amekuja karamuni tu, hakuja nyumbani.