Darasa la Malezi Lisigeuzwe Ndoano

Mtoto aliyekuwa na miaka sita mwaka 1996, vita ilipoteremka kutoka Uvira hadi Fizi, jimboni Kivu Kusini mashariki mwa Kongo, na kuwasukuma watu kuvuka Ziwa Tanganyika, leo ni mzazi wa miaka thelathini na kitu. Huenda alikulia Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka huohuo huko Kasulu, mkoani Kigoma, akila chakula cha mgao. Huenda alipanda mojawapo ya meli zilizoanza Oktoba 2005 kuwarudisha wakimbizi kutoka Kigoma hadi bandari ya Baraka, Fizi. Amejenga, ameoa, ana binti anayevunja ungo na mvulana asiyetaka kusikia la mtu. Kizazi hiki kimeulizwa mengi: kama kina ardhi, kama kina vitambulisho, kama kimewahi kushika bunduki. Ni nani aliyekifundisha kulea, hilo halijaulizwa sana.

Zamani swali hilo lilikuwa na jibu. Kwa Wabembe wa Fizi mvulana hakulelewa na baba yake peke yake. Alikaa pia kwenye lubunga, baraza la wanaume, ambako wazee waliamua mashauri jioni huku vijana wakisikiliza. Binti alikuwa na shangazi na bibi wa kumweka chini. Vita ilivitawanya vikao hivyo pamoja na watu wake. Kambini baba hakuwa na shamba wala nyavu, na chakula kiligawiwa na mtu mwingine. Mamlaka yake yakabaki kwenye sauti na fimbo. Waliorudi wakakuta machimbo ya dhahabu ya Misisi, ambako kijana asiyeota ndevu anaweza kushika pesa ambayo baba yake hajaiona mwezi mzima. Baba wa namna hiyo atamwambia nini mwanawe?

Kisha Februari 2025 mji wa Bukavu ukaangukia mikononi mwa waasi wa M23, na familia zikaanza tena kufungasha. Nyumba iliyokuwa ya watu sita inabeba wajomba, wapwa na watoto wa jirani aliyepotea njiani.

Katika hali hiyo, wazo la kanisa kufungua darasa la malezi kwa watu wa mtaa mzima, wawe waumini wake au wasiwe, linastahili kuungwa mkono. Kuna sababu rahisi: kanisa lipo. Kutoka Mboko hadi Fizi, kilima kisicho na zahanati kina kanisa, mara nyingi matatu: la Katoliki, la Methodisti Huru, na la Kipentekoste la CELPA au CEPAC. Mashirika ya misaada huja na magari na huondoka nayo. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na miradi mingi mashariki mwa Kongo ikakatika katikati. Mchungaji hakuondoka, mama mchungaji hakuondoka, na kwaya iliendelea kufanya mazoezi Jumamosi. Ukitafuta chombo cha kukutanisha wazazi kila wiki kwa miezi mitatu bila bajeti kutoka Geneva, huna kingine.

Wala si jambo geni. Mwaka 1876 Mary Sumner, mke wa kasisi wa Kianglikana katika kijiji cha Old Alresford, Uingereza, aliwakusanya akina mama wa parokia, matajiri na maskini pamoja, wazungumze namna ya kulea. Mkusanyiko huo ukazaa Mothers' Union, ambayo leo ina mamilioni ya wanachama, wengi wao barani Afrika. Huko London nako kanisa la Holy Trinity Brompton limesambaza kozi ya malezi ya Nicky na Sila Lee, na hualika hata wasiosali kabisa.

Kwamba madarasa ya namna hii yanaweza kufanya kazi katika umaskini, ushahidi upo karibu zaidi ya London. Katika Eastern Cape, Afrika Kusini, watafiti walifuatilia familia 552 zenye watoto wa miaka 10 hadi 18, baadhi zikipata mafunzo ya vikao 14 na nyingine zisipate. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Kwa maelezo ya wazazi na vijana wenyewe, kipigo na matusi vilipungua katika familia zilizofunzwa, ulevi wa wazazi ukapungua, na hata mfuko wa nyumba ukawa na nafuu, kwa sababu vikao vilifundisha pia kupanga matumizi na kuweka akiba. Wawezeshaji wengi walikuwa watu wa palepale mtaani, si wataalamu wa saikolojia. Tanzania iliyachukua mafunzo hayo chini ya jina la Furaha na kuyafikisha kwa makumi ya maelfu ya watu. Fizi isingelazimika kubuni upya; kazi ingekuwa kuyaweka katika Kiswahili cha Baraka na katika maisha ya mvuvi anayelala mchana kwa sababu usiku yuko ziwani na ndagala.

Lakini kuna kishawishi, na hakijifichi. Kanisa linaloliita darasa hili njia ya uinjilisti litataka kuhesabu walioongoka. Litafungua kwa nyimbo tatu, litahubiri nusu saa, litagusa malezi kidogo, kisha litaorodhesha majina ya watakaofika Jumapili. Mzazi Mwislamu, na Baraka ina Waislamu na misikiti yao, atakuja mara moja tu. Mkatoliki akiona anavutwa kwenda kwa Wapentekoste atamtuma mtoto aseme mama anaumwa. Atabaki nani? Wale wale wa kwaya, ambao mchungaji alikuwa nao tangu mwanzo. Darasa linalokuwa ndoano huishia kumshika samaki aliyekwisha kuwa kwenye ndoo.

Kivu Kusini ina mfano bora wa jinsi kanisa linavyohudumia jirani. Hospitali ya Nundu, ya Methodisti Huru, ni hospitali kuu ya rufaa ya eneo lake la afya. Mjamzito anayefikishwa pale usiku haulizwi alibatizwa wapi. Hospitali ya Panzi huko Bukavu, alikofanya kazi Dkt. Denis Mukwege hadi dunia ikamtambua kwa Nobel ya Amani mwaka 2018, ni ya CEPAC. Wanawake wa kila dhehebu na wasio na dhehebu wametibiwa hapo. Hakuna mahubiri ya CEPAC yaliyoipa jumuiya hiyo heshima kubwa kuliko hospitali hiyo, na heshima hiyo ilikuja bila kuitafuta kwa kadi za uanachama. Darasa la malezi linapaswa kuendeshwa kwa moyo huohuo.

Zaidi ya kishawishi hicho, kanisa lina deni zito. Katika Kongo hii, baadhi ya wachungaji na manabii wamewataja watoto kuwa wachawi: yatima aliyekuja na bahati mbaya, mtoto anayekojoa kitandani, mwenye kifafa. Wamewashindisha njaa na kuwatoza wazazi pesa za maombi. Wengi wa watoto hao waliishia mitaani Kinshasa. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 41, inakataza kumtuhumu mtoto kwa uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inaweka adhabu. Kanisa linalotaka kuwafundisha wazazi wa Fizi lianze kwa kusema hadharani, mbele ya waumini na mbele ya chifu, kwamba jambo hilo halitafanyika chini ya paa lake. Bila tamko hilo, mama mwenye akili atamshika mtoto wake mkono na kupita mbali.

Na fimbo nayo. Wachungaji wengi hukimbilia mstari wa Mithali kana kwamba Biblia nzima iliandikwa juu ya kiboko. Mjadala huo usikwepwe. Uwekwe mezani katika kikao cha kwanza, na baba aliyepigwa utotoni na anayedai kwamba hakudhurika asikilizwe kwa heshima. Pengine ndiye atakayebadilika wa kwanza akiulizwa kama aliwahi kumweleza baba yake shida yake hata moja.

Baba huyo, hata hivyo, lazima aje. Hili ndilo litakaloangusha madarasa mengi, kwa sababu kila kitu cha familia kanisani hukabidhiwa idara ya wamama. Kikao cha saa nane mchana siku ya soko kitajaza kanga na kukosa wanaume. Wenye busara watauliza kwanza: wavuvi wanarudi saa ngapi, waendesha pikipiki wanapumzika lini, walimu wanatoka shuleni saa ngapi? Mmoja wa waongozaji awe mwanamume anayejulikana, si shemasi tu, na pasiwe na posho. Pesa ya nauli imeharibu mikutano mingi ya eneo hili. Watu wamezoea kulipwa ili kusikiliza, na siku malipo yanapokatika wanakatika nayo.

Waliopo Lusenda, kambi ya Warundi iliyofunguliwa mwaka 2015, na Warundi wenzao waliopo Mulongwe wasisahaulike. Wana watoto waliozaliwa ukimbizini kama walivyozaliwa Wakongo kule Nyarugusu, na wenyeji wa Fizi wanajua kuliko mtu mwingine yeyote kitakachofuata miaka ishirini baadaye.

Kwa wachungaji na mapadre wa Baraka, Mboko na Fizi: mwaka wa shule unaanza Septemba. Kutaneni kabla yake, mumwalike imamu na mkurugenzi wa shule, mchague chumba cha darasa badala ya madhabahu, mteue baba wawili na mama wawili wa kuongoza, na mtangaze sokoni kwamba mlango uko wazi kwa kila mzazi. Mkishindwa kukubaliana ni kanisa gani liweke jina lake kwenye bango, wekeni jina la shule.