Mtoto Safarini: Asinyamazishwe, Apewe Kazi

Kila zinapofika likizo za Juni na Desemba, maelfu ya familia hufunga mizigo na kwenda kuwaona babu na bibi. Kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya ni kilomita zipatazo 830, na basi huzimaliza kwa mchana mzima, na pengine zaidi. Mtu mzima huvumilia. Mtoto wa miaka 6 huanza kuuliza kama wamefika kabla hata Chalinze haijaonekana. Swali hilo likirudiwa mara ya kumi, wakubwa hutafuta njia ya kumnyamazisha: pipi, simu, na kwa baadhi yao hata dawa iletayo usingizi. Hoja ya makala hii ni kwamba mtoto asumbuaye safarini hahitaji kunyamazishwa. Anahitaji kazi ya kufanya.

Hasara za kunyamazisha

Dawa ndiyo njia mbaya kupita zote. Baadhi ya dawa za mafua na za mzio huleta usingizi, na wapo wazazi wanaozitumia kwa ajili hiyo tu. Promethazini, kwa mfano, haifai kabisa kwa mtoto wa chini ya miaka 2, kwa sababu yaweza kudhoofisha upumuaji wake hata kumwua. Dawa ni ya kutibu ugonjwa, na uchangamfu wa mtoto si ugonjwa.

Simu haina hatari ya namna hiyo, lakini nayo ina kasoro ijulikanayo. Ndani ya sikio mna mifereji mitatu yenye majimaji, ambayo huuarifu ubongo kila mwili unapogeuka, pamoja na viungo vidogo vinavyohisi mwendo wa kuanza, kusimama na kurushwarushwa. Mtoto akikodolea macho kioo kidogo, sikio husema mwili unakwenda, macho husema umetulia. Ubongo hupokea habari mbili zinazopingana, na matokeo yake ni kichefuchefu na kutapika. Watoto wa kati ya miaka 2 na 12 ndio wasumbukao zaidi. Mtoto atazamaye mbali mbele huona mwendo uleule ambao sikio lake linauhisi, hivyo hupata nafuu. Kumbe dirisha ni burudani, na ni kinga pia. Wahenga walisema tembea uone. Hawakusema tembea ulale.

Yaonekanayo dirishani

Jambo la kwanza ni mwendo wenyewe. Watoto wawili wagawane kazi: mmoja aangalie nguzo za kilomita kando ya barabara, mwingine ahesabu sekunde kwa saa. Gawanya 3,600 kwa idadi ya sekunde zilizopita kati ya nguzo mbili, utapata kilomita kwa saa. Sekunde 45 ni kilomita 80 kwa saa, ambao ndio ukomo wa kisheria wa basi la abiria nchini Tanzania. Sekunde 36 ni kilomita 100. Mtoto ajuaye hesabu hiyo anaweza kumwambia baba yake, kwa tarakimu, kwamba dereva amevunja sheria. Na abiria wenye tarakimu husikilizwa kuliko abiria wenye hofu tu.

Pili, karibu na Morogoro mtoto aulizwe kwa nini miti ya kando ya barabara hukimbia kurudi nyuma, ilhali milima ya Uluguru huonekana kama inasafiri pamoja na basi. Kitu kilicho karibu hubadili mahali pake machoni upesi. Kilicho mbali, polepole. Kwa kanuni hiyohiyo, mwaka 1838 Friedrich Bessel alipima umbali wa nyota, akiitumia dunia izungukayo jua kama chombo chake cha safari.

Tatu, mibuyu iliyotapakaa katika bonde la Ruaha Mbuyuni hutoweka basi likisha kupanda Kitonga kuelekea Iringa. Hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6 na nusu kwa kila mita 1,000 za kupanda, na mimea hubadilika. Masikio nayo huziba, kisha hufunguka mtoto amezapo mate. Wakati wa kurudi, chupa tupu ya plastiki ifungwe barabara mjini Mbeya, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Ikifika Dar es Salaam itakuwa imebonyea, kwa kuwa kanieneo ya hewa ya Mbeya ni kama sehemu nne kwa tano tu ya ile ya pwani. Hiyo ndiyo kanuni ya Boyle, ambayo wanafunzi wengi huikariri bila kuiona.

Wajibu wa shule

Yawezekana mtu akasema kwamba wazazi wamechoka na hawana nafasi ya kufundisha. Ni kweli. Lakini katika familia nyingi mwanafunzi wa sekondari ndiye akabidhiwaye wadogo zake safarini. Basi mwalimu wa fizikia, jiografia au biolojia ampe kazi ya likizo ya namna hii: saa, daftari, kalamu na chupa tupu vyatosha. Kuandika kufanywe basi linaposimama, ili kichefuchefu kisirudi. Vichwa na mikono visitolewe nje. Watoto wadogo kabisa wapewe kuhesabu mbuzi, madaraja na masoko, au kutegeana vitendawili. Na anayesinzia mwenyewe aachwe alale, kwani safari nzima haiwezi kuwa somo.

Taifa linalotaka wanasayansi halina budi kuwazoesha watoto wake kuuliza. Mtoto aulizaye "bado mbali?" tayari ameuliza swali la vipimo, yafaa aonyeshwe namna ya kulijibu mwenyewe.