Mwenye Shaka na Apime Mvua

Katika mikutano ya wakulima wa skimu, mara Bwana Shamba atajapo mabadiliko ya hali ya hewa, hutokea mtu akasimama na kusema, "Hayo ni maneno ya Dagoretti." Maana yake ni kwamba yametoka katika ofisi za Idara ya Hali ya Hewa, ambazo makao yake makuu yako Dagoretti Corner, kando ya barabara ya Ngong, na kwamba mtu wa ofisini hajui shamba. Wengine husikia na kupiga makofi.

Sisi hatuoni vibaya mkulima akiwa na shaka. Mkulima aliyekubali kila neno la kila muuza mbegu amekwisha filisika zamani. Lakini shaka, kama jembe, faida yake ni kuitumia. Yafaa basi tuzichukue hoja za wenye shaka moja moja, tuzitazame kwa haki, tuone ipi inasimama na ipi inaanguka.

Hoja ya kwanza husema kwamba ukame na mafuriko ni mambo ya tangu zamani. Ni kweli. Wazee wanakumbuka mafuriko ya 1961, ukame wa 1984 ambao ulituletea mahindi ya manjano kutoka ng'ambo, na mvua ya El Nino ya 1997. Kabla yao, babu zetu waliona njaa kubwa ya 1899. Hakuna mtaalamu asemaye kwamba ukame ulizaliwa juzi. Wasemalo ni kwamba ukame wa siku hizi unakuta hewa yenye joto zaidi, na hewa hiyo hunyonya maji ya udongo upesi kuliko zamani. Tangu mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, sehemu za kaskazini na mashariki mwa Kenya zilipata misimu 5 mfululizo ya mvua haba, jambo lisiloonekana kwa muda wa miaka 40. Mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa katika nchi yetu. Mwaka 2023 wataalamu waliochunguza ukame huo walisema kwamba upungufu wa mvua peke yake usingaleta maafa makubwa namna ile. Joto lililoongezeka ndilo lililomaliza udongo na malisho.

Hoja ya pili ina nguvu zaidi. Husema kwamba joto linalopimwa ni joto la mji. Zamani Riruta, Waithaka na Kawangware zilikuwa mashamba. Leo ni nyumba za mawe, mabati na lami. Basi kipima joto kilichoko Dagoretti, kwa maneno yao, kinapima mabati. Mwenye hoja hii amefikiri vizuri, kwa maana mji huongeza joto, na wataalamu wenyewe hulihesabu jambo hilo. Lakini na atazame mlima Kenya. Miaka 100 na zaidi iliyopita palihesabiwa mito ya barafu 18 juu yake. Leo haikubaki hata nusu. Barafu ya Lewis, iliyopimwa kwa uangalifu kuliko zote, ilipoteza sehemu 9 katika kila 10 za ujazo wake kati ya 1934 na 2010. Huko juu hakuna lami wala mabati. Wako wataalamu wasemao kwamba ukavu wa hewa ya mlimani nao ulichangia, na neno lao ni la haki. Lakini barafu za Ruwenzori, za Kilimanjaro na za milima ya Ulaya zinapungua vilevile, na bahari nayo imeongezeka joto. Ni mji gani uliojengwa juu ya bahari?

Hoja ya tatu husema kwamba jua ndilo lililozidi ukali. Nguvu ya jua imepimwa kwa satelaiti tangu miaka ya 1970. Hupanda na kushuka kidogo kila miaka 11 hivi, lakini haikuongezeka katika miaka hii ambayo dunia imepata joto. Tena kuna ushahidi mwingine. Kutoka Dagoretti hurushwa puto zenye vipimo, nazo hupanda angani kilomita nyingi. Puto za namna hiyo hurushwa katika nchi nyingi, na vipimo vyake pamoja na vya satelaiti huonyesha kwamba hewa ya chini imepata joto, lakini hewa ya juu sana imepoa. Kama jua ndilo lingekuwa sababu, hewa yote ingepata joto, ya chini na ya juu. Ajifunikaye blanketi hupata joto chini yake, wala joto hilo halifiki darini. Blanketi letu ni hewa ya ukaa itokayo katika makaa ya mawe na mafuta ya petroli. Kabla ya viwanda, hewa hiyo ilikuwa sehemu 280 katika kila sehemu milioni za hewa. Sasa imepita 420. Nasi Kenya tunacho kituo cha kuchunguza hali ya hewa ya angani, juu ya mlima Kenya, tangu 1999.

Hoja ya nne husema kwamba hewa ya ukaa ni chakula cha mimea, basi ikizidi mavuno yatazidi. Kweli mimea huitumia. Lakini mahindi, mtama, miwa na majani ya Napier ni mimea ya namna ambayo haipati faida kubwa hewa hiyo ikizidi. Na mmea wo wote uliokosa maji hauwezi kula, hata ukiandaliwa karamu.

Hoja ya tano ndiyo tuisikiayo zaidi: "Hawawezi kutuambia mvua ya wiki ijayo, watajuaje ya miaka 50?" Hayo ni maswali mawili mbali mbali. Mwenye ng'ombe hawezi kukuambia hasa atakamua lita ngapi Jumanne ijayo. Lakini akijua kwamba malisho yanapungua mwaka hata mwaka, anajua maziwa yatafuata njia ipi.

Tena tukumbuke yaliyotokea. Mwaka 2015 tulitangaziwa El Nino kubwa. Mvua ikaja, lakini haikufika ile ya 1997, na watu wakacheka. Mwaka 2023 Idara ikatangaza tena mvua nyingi kuanzia Oktoba hadi Desemba. Wako waliokumbuka 2015 wakatulia. Mafuriko yakaja, na watu zaidi ya 100 wakafa. Utabiri wa msimu hausemi "hakika", husema "yaelekea". Mkulima anayedai hakika peke yake atazibua mitaro yake baada ya maji kupita.

Hoja ya sita ni kwamba moshi ni wa nchi tajiri, sisi una nini nasi? Sehemu ya Kenya katika hewa hiyo ya dunia nzima haifiki 1 kwa 100, na umeme wetu mwingi hutoka katika mvuke wa Olkaria, katika maji na katika upepo. Kwa hiyo ni haki waliochafua walipe, na jambo hilo liliwekewa mfuko katika mkutano wa mataifa uliofanyika Misri mwaka 2022. Lakini hoja hii haisemi kwamba mvua haikubadilika. Inasema nani alipe. Mwizi akichukua ng'ombe wako utamshtaki, lakini usiku huo huo utatengeneza zizi.

Hapa ndipo lilipo jambo kubwa kwa mkulima wa skimu. Mababu walipokosa mvua walihama na mifugo yao. Shamba la skimu limepimwa, lina namba na mipaka, na jirani yako naye ana lake. Hakuna bonde jingine la kuhamia. Ukikosea msimu mmoja, mbegu, mbolea na ada za shule huenda pamoja. Kwa hiyo hatumwombi mtu aamini, twamwomba apime.

Chukua kopo lenye pande zilizonyoka, uliweke mahali peupe, mbali na miti na paa. Kila siku saa tatu asubuhi ingiza rula, soma milimita, andika katika daftari, kisha mwaga maji. Daftari la mwaka mmoja halithibitishi kitu, kwa maana wataalamu huhesabu hali ya hewa ya mahali kwa miaka 30. Lakini litakuambia kama mvua ya kupandia imefika kweli au ni manyunyu ya kukudanganya. Kisha lilinganishe na utabiri wa msimu, ambao Idara hutangaza kabla ya mvua ndefu na kabla ya mvua fupi.

Mengine mwayajua: makinga-maji yaliyofuata kontua, tangi au bwawa la kukusanya maji, majani ya Napier yaliyosindikwa wakati wa wingi, na mbegu inayolingana na mahali. Kwenye mvua haba yapo mahindi yakomaayo upesi, kama yale ya Katumani. Nyanda za juu zina mbegu zake, nanyi mwulizeni Bwana Shamba. Kazi hizo zitakufaa hata kama wenye shaka ndio wenye haki. Lakini kama wamekosea, nawe hukufanya lo lote, hasara haitawafuata wao mkutanoni. Itakukuta wewe shambani.